Si Nyanya Aliyekosea

Ni jioni, barazani. Nyanya ameishika simu aliyonunuliwa na mwanawe, na mjukuu ameketi kando yake. Kidole kinagusa pasipo mahali pake, maandishi yanatoweka, na mjukuu anapaza sauti: “Si hivyo, nyanya! Nimekufunza mara ngapi?” Nyanya anatabasamu kwa haya, anamrudishia simu na kumwambia afanye yeye. Tangu siku hiyo mjukuu ndiye anayeijua namba yake ya siri, ndiye anayemsomea ujumbe wake, na ndiye ajuaye pesa zake zimebaki ngapi.

Wengi wetu tumeyaona haya majumbani mwetu tukayahesabu kuwa madogo. Si madogo. Mwanamke aliyeshika hesabu ya nyumba kwa miaka arubaini ameondolewa hesabu yake mkononi, na sababu anayopewa ni kuwa hajui. Je, kweli kosa ni lake?

Iko elimu inayochunguza jinsi watu wanavyotumia mitambo na kompyuta, na chimbuko lake moja ni swali kama hilo. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, marubani wa Marekani waliokuwa wakirusha ndege za B-17 walikuwa wakitua salama, kisha wanakunja magurudumu ndege ikiwa bado chini, nayo inaanguka kwa tumbo. Wakalaumiwa kwa uzembe. Mtaalamu wa saikolojia, Alphonse Chapanis, hakuwatazama marubani peke yao. Alitazama pia mahali walipokuwa wakikaa. Akakuta swichi ya magurudumu na swichi ya vibawa vya kupunguzia mwendo zimewekwa pamoja, nazo zinafanana. Akashauri kipini kimoja kipewe umbo la gurudumu na cha pili umbo la kibawa, ili mkono utambue bila ya macho. Makosa yale yakakoma. Marubani walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni kifaa.

Mfano wa pili tunaupata benki. Mashine nyingi za mwanzo za kutolea pesa zilitoa noti kwanza, kisha kadi. Watu wakachukua noti na kwenda zao, kadi wakaiacha kwenye mashine. Si wajinga hao. Akili ya mwanadamu ikishakipata ilichokifuata, hulegea. Dawa ilikuwa kugeuza mpango: kadi itoke kwanza, ndipo pesa zifuate.

Mfano wa tatu unawahusu wanawake wenyewe. Katika mji wa Bangalore, India, mtafiti Indrani Medhi na wenzake walikaa na wanawake wafanyao kazi za nyumbani, wengi wao wasiojua kusoma, wakawatengenezea programu ya kutafutia kazi isiyokuwa na maandishi, ila picha na sauti. Mchoro wa kuosha vyombo uliwatatiza baadhi yao, wakadhani unaonyesha jiko tu. Mchoro ulipoongezwa maji yanayotiririka kutoka mferejini, wakafahamu kuwa ni kazi inayofanywa. Watafiti hawakusema wanawake wale hawaelewi. Waliubadilisha mchoro.

Hapa kwetu Kenya, M-Pesa iliyoanza mwaka 2007 iliongezwa baadaye huduma ya Hakikisha, ambayo humwonyesha mtumaji jina la mpokeaji na kumpa nafasi fupi ya kusitisha. Msingi wake ni ule ule: binadamu hukosea tarakimu, basi kifaa kimsubiri. Lakini kwa asiyesoma kwa haraka, nafasi hiyo ni finyu, na hapo ndipo jamaa wa nyumbani wanapohitajika.

Tufanyeje, basi? Kwanza, tumwache mzazi abonyeze kwa mkono wake mwenyewe, nasi tuseme kwa ulimi tu. Anayenyang’anywa simu kila anapokosea hajifunzi ila woga. Pili, akikosea tumuulize kwa upole: “Ulitarajia itokee nini?” Jibu lake mara nyingi litaonyesha kuwa alifikiri sawasawa, ila alama iliyo kwenye kioo ndiyo isiyoeleweka. Tatu, tumwandikie hatua chache kwenye karatasi, kwa maneno anayoyatumia yeye. Na kama hasomi, tumchoree. Nne, jina la mpokeaji lisomwe kwa sauti kila mara kabla ya pesa kwenda. Tano, namba ya siri ibaki kwake. Hiyo ni amana yake, na mjukuu mwema humsaidia nyanya pasi na kuijua.

Na watoto wetu wanaosomea kompyuta vyuoni, ambao kesho watatengeneza programu hizi, tunawausia wazijaribu kwanza kwa nyanya zao. Ikiwa nyanya amepotea njia, wasimlaumu msafiri. Waitengeneze njia.