Kiungo cha kununua hakiungi kitu

NENO ‘kiungo’ lina maana kadhaa katika Kiswahili. Ni mahali mifupa inapokutana mwilini. Ni bizari au iliki itiwayo katika chakula. Na siku hizi ni maandishi ambayo ukiyabofya yanakupeleka kwenye ukurasa mwingine mtandaoni. Maana hii ya tatu ndiyo ninayokusudia kuifafanua leo. Baadhi ya wanafunzi wangu wenye tovuti za Kiswahili huniuliza kama wawalipe watu wanaoahidi kuwanunulia viungo ili wapande hadi ukurasa wa kwanza wa Google. Jibu langu ni la.

Mwaka wa 1998, Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi wa uzamifu katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza mbinu iitwayo PageRank. Wazo lake linafanana na desturi yetu wanataaluma: makala inayorejelewa na wengi huhesabiwa kuwa na uzito. Vivyo hivyo, kila kiungo kilichukuliwa kuwa kura, na kura ya ukurasa mashuhuri ikawa na thamani zaidi.

Lakini penye kura hapakosi wizi wa kura! Watu wakaanza kuuziana viungo na kuunda tovuti bandia za kusifiana. Februari 2011, gazeti la New York Times lilifichua maelfu ya viungo vilivyopandwa katika tovuti zisizohusika ili kulipandisha duka la J.C. Penney. Duka lilikana kuidhinisha hila hiyo, ila Google ililishusha.

Aprili 24, 2012, Google ilibadilisha algoriti yake, yaani kanuni ambazo kompyuta hufuata hatua kwa hatua. Badiliko hilo, lililokuja kuitwa Penguin, liliathiri takriban asilimia 3.1 ya utafutaji wa Kiingereza, kwa mujibu wa Google yenyewe. Lililengwa kunasa hila kama vile maneno yale yale ya biashara kurudiwa katika kila kiungo. Walioadhibiwa waliposafisha tovuti zao, iliwabidi wasubiri hadi Penguin iendeshwe upya. Kati ya 2014 na 2016 ngoja hiyo ilikaribia miaka miwili.

Tangu Septemba 2016, Penguin hufanya kazi muda wote, na aghalabu hupuuza tu viungo vya hila badala ya kuishusha tovuti nzima. Ati hiyo ni nafuu? Hasha! Anayeshushwa huona ameshuka. Anayepuuzwa haoni kitu, naye huendelea kulipa. Isitoshe, wafanyakazi wa Google bado wanaweza kuiadhibu tovuti wenyewe.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi anayetafuta kiki kwa pesa aandike kwanza jambo linalofaa kurejelewa, mathalani ufafanuzi wa istilahi za uvuvi au ushonaji. Nasi wasomaji tuna wajibu. Tunaponukuu kazi ya mwenzetu mtandaoni, tuweke kiungo cha kumrejelea. Hiyo ndiyo kura halali, na haina bei.