Triloka: Ulimwengu Tatu za Ubuddha Si Ghorofa Tatu

Neno triloka la Kisanskriti lina sehemu mbili: tri, yaani tatu, na loka, yaani ulimwengu. Katika mapokeo ya kale ya India, ulimwengu hizo tatu zilikuwa bhu, ardhi, bhuvas, anga, na svar, mbingu. Ni mpango wa mtu aliyesimama shambani akatazama chini, mbele na juu. Mkulima wa pamba wa Ngulyati, wilayani Bariadi, angeuelewa bila mwalimu: udongo ndio huu, mawingu ya mvua yale, na jua liko juu yake. Visa vya Vishnu, mungu anayezipita ulimwengu hizo kwa hatua tatu, vimejengwa juu ya mpango huohuo.

Wabuddha waliurithi msamiati huu, ila hawakuuacha ulivyokuwa. Katika maandishi yao ya kitaalamu, mahali pa loka mara nyingi huja neno dhatu, na jumla ya zote tatu huitwa traidhatuka. (Herufi dh hapa isisomwe kama katika dhahabu, ni d inayosindikizwa na pumzi.) Vasubandhu, mwanazuoni wa India wa karne ya 4 au ya 5, aliandika kitabu kiitwacho Abhidharmakosha. Humo analifafanua neno dhatu kwa mfano wa mlima wenye chuma, shaba, fedha na dhahabu: mlima ni mmoja, lakini kila madini yana asili yake. Mfano huo haupaswi kuwa mgeni Bariadi, wilaya ambayo miamba ya Dutwa imepimwa na wanajiolojia waliokuwa wakitafuta nikeli. Kwa hiyo dhatu inagusa asili ya kitu, si mahali kilipo tu, na tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa mafundisho yote yanayofuata.

Ya kwanza ni kamadhatu. Neno kama la Kisanskriti lina maana ya tamaa, lakini si ile ya mwili peke yake. Ni kiu ya kuona, kusikia, kunusa, kuonja na kugusa vinavyopendeza. Humo wamo viumbe wa motoni, wanyama, mizimu yenye njaa isiyoshiba, binadamu, na hata miungu wa mbingu sita. Msomaji aliyelelewa katika Uislamu au Ukristo hushtuka hapa: mbingu na moto vimo katika ulimwengu mmoja! Sababu ni kwamba mungu anayefurahia raha za mbinguni na mnyama anayewania majani wanasukumwa na kiu ileile, ingawa hali zao hazifanani hata kidogo.

Ya pili ni rupadhatu, ulimwengu wa umbo. Wanaozaliwa humo bado wana miili, tena miangavu, lakini kiu ya hisi imetulia. Vasubandhu anasema humo hamna harufu wala ladha, kwa kuwa vitu hivyo viwili vimefungamana na chakula cha kutafunwa, na wakazi wake hawakihitaji. Ngazi zake zinalingana na dhyana nne, yaani hatua nne za utulivu wa akili ambazo mtu anaweza kuzifikia kwa kutafakari angali hai. Hapa ndipo umbo la fundisho zima linapojitokeza: kila daraja la ulimwengu lina daraja lake la akili, na akili iliyozoea daraja fulani ndiyo huzaliwa humo.

Ya tatu ni arupyadhatu, isiyo na umbo. Madaraja yake ni manne: anga isiyo na mwisho, utambuzi usio na mwisho, hali ya kutokuwepo chochote, na hali ambayo haiwezi kuitwa fahamu wala kukosa fahamu. Vasubandhu anatamka wazi kwamba ulimwengu huu hauna mahali. Aliyeufikia utulivu huo kisha akafa, huzaliwa humo palepale alipofia. Kwa kauli hiyo, mtu wa namna hiyo akifia Ngulyati hapandi popote. Hakuna umbali wa kusafiri. Anayechora triloka kama nyumba ya ghorofa tatu amekwishakosea anapofika hapa, na kosa hilo limo hata katika vitabu vinavyosifiwa.

Lipo kosa kubwa kuliko hilo: kudhani kwamba ulimwengu wa tatu ndio wokovu. Maisha katika daraja lake la juu ni kalpa 80,000 kwa hesabu ya Vasubandhu, na 84,000 kwa hesabu ya mapokeo ya Kibuddha yaitwayo Theravada, na kalpa moja ni zama ndefu kupita kiasi. Hata hivyo yana mwisho, na baada ya mwisho ni kuzaliwa tena. Simulizi za maisha ya Buddha zinaeleza kwamba kabla ya kuangaziwa alijifunza kwa walimu wawili, Alara Kalama na Uddaka Ramaputta. Wa kwanza alimfikisha daraja la tatu la ulimwengu usio na umbo, wa pili la nne. Akawaacha wote wawili, kwa kuwa mateso hayakuwa yamekatwa mzizi. Sutra ya Lotasi, andiko la Kibuddha, inazifananisha ulimwengu zote tatu na nyumba kuukuu inayowaka moto huku watoto wakicheza ndani.

Afrika Mashariki fundisho hili lina makao. Hekalu la Wabuddha la Dar es Salaam lilianzishwa na Wasinhala waliotoka Ceylon, Sri Lanka ya leo, mwanzoni mwa karne ya 20. Nchini Uganda, mtawa Bhante Buddharakkhita, mzaliwa wa nchi hiyo, alianzisha Kituo cha Ubuddha cha Uganda mwaka 2005. Vyote viwili ni vya Theravada, ambayo hutumia lugha ya Kipali na kusema kamaloka, rupaloka na arupaloka. Mapokeo hayo huhesabu madaraja 31 ya kuzaliwa: 11 ya tamaa, 16 ya umbo na 4 yasiyo na umbo. Binadamu ni daraja moja tu kati ya hayo.

Kwa Kiswahili, “dunia, mbingu na jehanamu” ni tafsiri potofu, maana vyote vitatu vinaishia ndani ya kamadhatu. “Ulimwengu wa tamaa, wa umbo, na usio na umbo” ni tafsiri inayofaa, na waandishi wa vitabu vya dini waishike hiyo.