Njia Nyepesi za Miguu katika Mji wa Freudenstadt na Msitu Wake

Katika Ujerumani, upande wa kusini-magharibi, iko nchi ya milima iliyofunikwa kwa miti, nayo huitwa Schwarzwald, maana yake Msitu Mweusi. Ukiitazama milima hiyo kwa mbali huonekana kama kivuli kizito, kwa kuwa miti yake mingi ni ya jamii ya msonobari, ambayo haipukutishi majani wakati wa baridi. Juu ya uwanda mmoja wa nchi hiyo, yapata mita 730 juu ya usawa wa bahari, umejengwa mji mdogo wa Freudenstadt. Jina hili ni la maneno mawili ya Kijerumani: Freude ni furaha, na Stadt ni mji. Basi, ni Mji wa Furaha.

Watu wengi huenda huko kwa ajili ya kutembea tu. Wengine ni wazee, wengine ni watoto wa umri wenu, na wengine ni wageni wasiojua hata neno moja la Kijerumani. Nao huingia msituni asubuhi na kurudi jioni bila kiongozi, wala hawapotei. Yafaa tujue jinsi jambo hili linavyowezekana; maana msitu ni msitu, na njia haijitengenezi yenyewe.

1. Matembezi ya mjini

Matembezi ya kwanza, tena mepesi kuliko yote, ni kuuzunguka uwanja wa soko. Kila upande wa uwanja huu wapita kidogo mita 215, na wenyeji husema kwamba hapana uwanja wa soko mkubwa kuliko huo katika Ujerumani yote. Nyumba zinazouzunguka zina baraza zenye matao, hata mtu aweza kutembea sehemu kubwa ya njia wakati wa mvua asilowe. Kwa mwendo wa polepole, robo saa yatosha.

Labda utauliza, kwa nini mji mdogo una uwanja mkubwa hivi? Sababu ni hii. Mwaka 1599 Friedrich wa Kwanza, mtawala wa Württemberg, alimwagiza fundi wake mkuu wa majenzi, Heinrich Schickhardt, aanzishe mji mpya karibu na machimbo ya madini ya fedha. Schickhardt akapanga nyumba kwa safu za mraba, mraba ndani ya mraba, na katikati akaacha nafasi ya kujenga jumba la mtawala. Lakini Friedrich alikufa mwaka 1608, na jumba lile halikujengwa kamwe. Nafasi ya mtawala ikawa uwanja wa watu wote. Wakazi wa kwanza wa mji walikuwa wachimba madini, pamoja na Waprotestanti waliokimbia nchi za Austria kwa sababu ya imani yao.

Katika pembe moja ya uwanja liko kanisa lililojengwa kati ya mwaka 1601 na 1608. Umbo lake ni la ajabu, kwa maana lina mabawa mawili yanayokutana kama mkono uliokunjwa kwenye kiwiko. Zamani wanaume walikaa katika bawa moja na wanawake katika bawa la pili. Hawakuweza kuonana, lakini wote walimwona mhubiri aliyesimama pale pembeni mabawa yanapokutana. Ndani yake mna meza ya kusomea Biblia, iliyochongwa kwa mti katika karne ya 12, nayo imeshikiliwa na sanamu za Wainjilisti wanne. Meza hiyo ina umri mkubwa kuliko mji wenyewe.

Mgeni akiziona nyumba za sokoni hudhani ni za zamani sana. Sivyo. Tarehe 16 na 17 Aprili 1945, yalipobaki majuma matatu tu vita viishe katika Ulaya, mji ulipigwa kwa mizinga ya jeshi la Wafaransa, na moto ukateketeza nyumba zipatazo 600. Karibu mji wote wa katikati ulikuwa majivu. Watu walishauriana sana jinsi ya kuujenga upya, na tangu mwaka 1949 hata 1954 wakaujenga, wakiuacha uwanja mahali pake na baraza zake zenye matao. Hivyo atembeaye pale hupita katika mji uliojengwa mara mbili.

2. Alama za njia

Kabla ya kuingia msituni hatuna budi kujifunza kusoma alama. Mwaka 1864 kilianzishwa chama kiitwacho Schwarzwaldverein, yaani Chama cha Msitu Mweusi, na kazi yake moja kubwa ni kutunza njia za miguu. Wanachama wanaozikagua njia hizo hufanya kazi kwa kujitolea. Huondoa matawi yaliyoanguka na kupigilia upya alama zilizopotea.

Alama yenyewe ni mraba mdogo uliosimama juu ya pembe yake moja, nao hutiwa juu ya mti au nguzo. Rangi yake ndiyo yenye maana. Manjano ni alama ya njia fupi za karibu na mji. Buluu ni alama ya njia ndefu ziunganishazo wilaya. Nyekundu ni alama ya njia iitwayo Westweg, iliyofunguliwa mwaka 1900, ambayo yatoka Pforzheim mpaka Basel katika Uswisi, mwendo wa kilometa 285 hivi. Njia hiyo hupita Kniebis, kijiji kilicho sehemu ya Freudenstadt.

Njia zinapogawanyika pana nguzo yenye vibao. Kila kibao huonyesha mahali njia iendako na idadi ya kilometa zilizobaki; tena juu ya nguzo huandikwa jina la mahali pale uliposimama. Kwa hiyo hata mgeni hujua mambo matatu: yuko wapi, aenda wapi, na umebaki mwendo gani. Kwa matembezi mepesi, fuata manjano.

3. Matembezi ya msituni

Njia fupi ya msituni ni ile ya kupanda mlima Kienberg, ulio kando ya mji. Kutoka sokoni ni mwendo wa nusu saa hivi. Juu yake uko mnara wa Friedrich, wenye urefu wa mita 25, uliojengwa mwaka 1899 kwa ukumbusho wa miaka 300 ya mji. Apandaye ngazi zake huuona mji chini yake, na msitu umeuzunguka pande zote.

Njia ya pili hushuka katika bonde la Christophstal, kando ya mto Forbach. Huko ndiko kulikokuwa na machimbo ya fedha na viwanda vya wafua chuma, ambao nyundo zao ziliendeshwa kwa nguvu za maji. Iko pia nyumba nzuri ya mawe iitwayo Bärenschlössle, iliyojengwa mwaka 1627. Ukiendelea kufuata mto utafika Baiersbronn, mwendo wa saa mbili hivi kutoka mjini, na karibu njia yote ni ya kuteremka. Hapo Forbach huingia katika mto Murg, na Murg nao huingia katika Rhine. Mwenye kuchoka aweza kurudi Freudenstadt kwa gari la moshi la siku hizi, ambalo huendeshwa kwa umeme na halina moshi.

Njiani jifunze kutofautisha miti miwili mikubwa ya huko. Wa kwanza huitwa Fichte. Majani yake ni kama sindano zenye kuchoma, na matunda yake yenye magamba huning'inia chini. Wa pili huitwa Tanne. Sindano zake ni butu, na matunda yake husimama wima juu ya matawi kama mishumaa. Tofauti iliyo kubwa zaidi haionekani, kwa kuwa imo ardhini: mizizi ya Tanne huenda chini sana, bali mizizi ya Fichte hutanda karibu na uso wa nchi.

Jambo hili lina historia yake. Zamani miti ya milima hii ilikatwa kwa wingi. Magogo yalifungwa pamoja na kuelea mtoni mpaka Uholanzi, na miti mingine ikachomwa makaa. Vilima vingi vikabaki uchi. Watu walipopanda tena walichagua zaidi Fichte, kwa sababu hukua upesi na mbao zake zafaa kujengea. Ndipo tarehe 26 Desemba 1999 ikaja dhoruba iliyopewa jina la Lothar. Kwa saa chache iliangusha miti isiyohesabika, nayo ikalala kama mabua baada ya mavuno.

Mahali pengi miti hiyo iliondolewa. Lakini karibu na mlima Schliffkopf, nusu saa hivi kwa motokaa kutoka Freudenstadt, kipande cha msitu kiliachwa kama kilivyoanguka, ili watu waone msitu utafanya nini ukiachwa peke yake. Mwaka 2003 ilifunguliwa huko njia yenye ngazi na madaraja ya mbao, mwendo upatao mita 800, ipitayo juu ya magogo na chini yake. Kati ya magogo yaozayo imeota miti michanga, kwa mbegu zilizoletwa na upepo na ndege, wala hapana mtu aliyeipanda. Tangu mwaka 2014 sehemu ya milima ya jirani imekuwa hifadhi ya taifa, ambamo miti haikatwi kwa biashara.

4. Mambo yampasayo mwenye kutembea

Sheria ya Ujerumani ya mwaka 1975 humruhusu kila mtu kuingia msituni kwa miguu ili apumzike na kujifurahisha, hata kama msitu ni mali ya mtu mwingine. Lakini huingia kwa hatari yake mwenyewe. Kwa hiyo sharti awe na akili.

Kwanza, aangalie saa. Huku kwetu, karibu na ikweta, mchana na usiku hukaribia kuwa sawa mwaka mzima. Huko sivyo. Mwezi wa Juni jua huchwa karibu saa tatu na nusu usiku, na mwezi wa Desemba huchwa saa kumi na nusu jioni. Matembezi yaliyo mepesi wakati wa joto yaweza kuwa ya hatari katika theluji na giza.

Pili, ajihadhari na moto. Katika jimbo hilo ni marufuku kuvuta tumbako msituni tangu tarehe 1 Machi hata tarehe 31 Oktoba.

Tatu, avae suruali ndefu, na akirudi ajichunguze mwili mzima, kwa kuwa nyasini mna kupe wadogo wawezao kuleta ugonjwa mbaya.

Nne, asiiache njia katika hifadhi, wala asing'oe alama yoyote. Aing'oaye hadhuriki yeye, ila yule ajaye nyuma yake.

Tano, amsalimu anayekutana naye. Wenyeji husema, "Grüß Gott," maana yake, "Mungu akusalimu."

Basi, tunapozisifu njia hizi kwa wepesi wake, tukumbuke kwamba zimefanywa nyepesi na watu ambao hatuwaoni. Mmoja alipigilia alama, mwingine aliondoa gogo, na mwingine alijenga upya nyumba iliyoungua. Apitaye kwa raha leo hupita juu ya kazi yao, na yampasa amwachie mwenzake njia iliyo njema vilevile.

Maswali

1. Kwa nini uwanja wa soko wa Freudenstadt ni mkubwa kuliko haja ya mji mdogo?
2. Eleza maana ya alama ya manjano, ya buluu, na ya nyekundu.
3. Utaitambuaje Fichte na Tanne ukiikuta njiani?
4. Dhoruba ya mwaka 1999 yatufundisha nini juu ya kupanda miti ya aina moja?
5. Chora ramani ya njia moja ya miguu ya kijijini kwenu, kisha onyesha mahali ambapo ungetia alama ili mgeni asipotee.