Nilijifunza Kusimama Kabla ya Kucheza: Jinsi Yoga na Dansi Zilivyonirudishia Ujasiri

Kabla hujasoma zaidi, simama kidogo. Ndiyo, hapo hapo ulipo. Mabega yako yako wapi? Kama yamepanda hadi karibu na masikio na kidevu kimeangukia kifuani, basi mimi na wewe tunafahamiana vizuri.

Nilitembea hivyo karibu miaka miwili. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, deni la karo liliponishinda, na nyumbani sikumwambia mtu. Kila mama alipopiga simu kutoka Nakuru kuuliza masomo yanaendeleaje, nilimjibu, "Poa tu mum, nafuzu mwaka ujao." Mwaka ujao ulifika, nikausukuma tena mbele. Nikimwona mtu tuliyesoma naye pale Moi Avenue, nilikuwa navuka barabara hata kama magari yanakuja. Kwenye matatu nilikaa nyuma kabisa, macho kwenye simu iliyoisha chaji.

Nakwambia haya si kwa ajili ya kuonewa huruma. Nakwambia kwa sababu najua wapo wengi wenu mnaobeba kitu kama hicho, na mwili unaonyesha hata kama mdomo umefungwa.

Mkao wa kwanza: kusimama tu

Aliyenivuta kwenye yoga ni jirani yangu wa ploti. Alichoka kuniona nimejifungia Jumamosi nzima. Akasema darasa ni bure na mikeka ipo, kwa hivyo sikuwa na kisingizio.

Nilidhani nitaambiwa niweke mguu nyuma ya shingo. Wapi! Mwalimu alituambia tusimame. Mkao huo unaitwa mlima, kwa Kisanskriti Tadasana. Miguu sambamba, uzito umegawanywa kati ya visigino na vidole, mabega nyuma kisha chini, macho mbele. Dakika moja. Jaribu kusimama dakika moja bila simu mkononi ndipo ujue dakika ni ndefu kama foleni ya benki mwisho wa mwezi.

Halafu ukaja mti. Unasimama kwa mguu mmoja, wayo wa mguu mwingine unaubandika kwenye ndama au paja, usiuweke kwenye goti. Nilianguka mara nne. Nilisubiri watu wacheke, lakini hakuna aliyeniona, kwani kila mmoja alikuwa anapigana na mti wake. Mwalimu akatufundisha siri: chagua nukta moja ukutani na usiiache. Ukianza kuwaangalia wenzako, unaanguka. Niliondoka na hilo somo na bado ninalo.

Mwisho wa darasa ni mkao wa maiti. Unalala chali, mikono kando, hufanyi chochote. Mimi nilikoroma. Nilikuwa sijalala vizuri kwa miezi.

Kuhusu pumzi kuna jambo ambalo si porojo. Ukitoa hewa polepole, kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, moyo hupunguza kasi. Kazi hiyo hufanywa na neva iitwayo vagasi, inayotoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni, na ambayo huuambia mwili kwamba hatari imepita. Vuta ukihesabu nne, toa ukihesabu sita, mara kumi. Unaweza kuifanya ndani ya matatu ya Umoja na kondakta hatajua.

Lakini je, yoga si dini ya watu?

Swali hili nimeulizwa na shangazi zangu wote, na ni swali la haki. Yoga ilizaliwa India na ina mizizi ndani ya dini za huko, asikudanganye mtu. Lakini madarasa mengi mjini leo ni kunyoosha viungo, kupumua na kutulia. Mengine yana nyimbo na sala. Muulize mwalimu kabla ya kuingia, na kama kuna sehemu isiyokukalia vizuri, kaa kimya au toka. Mimi huenda kanisani Jumapili na mkekani Jumamosi, na hadi sasa hakuna aliyenifukuza kokote.

Tena Nairobi ina historia yake kwenye hili. Africa Yoga Project ilianza mwaka wa 2007 na imewafundisha vijana wengi wa mitaa ya hapa hadi wakawa walimu wenyewe. Kwa hivyo ukiwaza kwamba yoga ni ya mabinti wa Karen na chupa zao za maji ghali, jua kuna wenzako wa mtaani wanaolipia kodi ya nyumba kwa kuifundisha.

Mzee mwenye tai na hatua ya sanduku

Miezi mitatu baadaye, mmoja wa darasa letu alitualika kwenye dansi za ukumbini. Hizi ni zile za wawili wawili: wolzi, tango, foksitroti, na binamu zao kama rumba na chacha. Nilienda kwa sababu kulikuwa na chai.

Mwenzangu wa kwanza alikuwa mzee wa miaka sabini hivi, tai imenyooka, viatu vinang'aa. Alinyoosha mkono. Kiganja changu kilikuwa kimeloa jasho. Nikasema pole. Nikamkanyaga, nikasema pole. Nikakosea tena, nikasema pole. Mzee akasimama katikati ya wimbo.

"Binti yangu," akasema, "usiniambie pole. Niambie uzito wako uko mguu gani."

Sikujua. Miaka miwili nilikuwa natembea bila kujua nimesimama kwa mguu upi.

Wolzi huhesabiwa kwa tatu: MOJA, mbili, tatu, na ile moja ndiyo nzito. Hatua ya kwanza ya kujifunza inaitwa sanduku. Kwa anayefuata: mguu wa kulia nyuma, wa kushoto kando, wa kulia unaufuata na kufunga. Kisha wa kushoto mbele, wa kulia kando, wa kushoto unafunga. Umechora sanduku sakafuni. Siri ni kwamba kila hatua lazima uhamishe uzito wote. Ukiacha nusu nyuma kwa uoga, hatua inayofuata inakataa, na hapo ndipo watu hukanyagana.

Nilidhani kufuata maana yake ni kutii. Sivyo. Anayeongoza anapendekeza kwa mwili wake. Anayefuata anasikiliza, kisha anaweka mguu wake mwenyewe. Mkono ukiulegeza kama uji, hakuna ujumbe unaopita. Lazima na wewe uwepo. Na ukiombwa kucheza na hutaki, unasema "hapana, asante" na maisha yanaendelea. Kwangu mimi, msichana aliyezoea kusema ndiyo ili watu wasikasirike, hilo lilikuwa zoezi gumu kuliko sanduku.

Babu zetu walicheza haya

Nilimwambia yule mzee kwamba dansi hii ni mambo ya wazungu. Akacheka hadi akakohoa. Akaniuliza, "Na neno dansi ulidhani limetoka wapi?"

Alikuwa na hoja. Miaka ya 1930, vijana wa Mombasa na Dar es Salaam walikuwa na vilabu vyao vya dansi, wakivaa suti na magauni, wakicheza foksitroti na wolzi. Humo ndimo muziki tunaouita wa dansi ulikochipuka, kabla ya rumba ya Kongo kutuvamia sote. Hapa Nairobi, kumbi za jamii za mitaa kama Pumwani na Kaloleni zilikuwa na dansi zake wikendi. Wafanyakazi waliotumwa siku nzima walivaa vizuri jioni na kushikana mikono kama watu wenye heshima zao. Dansi ilikuwa ya wazungu, ndiyo, lakini babu zetu waliichukua, wakaipa midundo yao, na ikawa yetu.

Usiuziwe uongo

Sasa nikuonye kidogo, kwa sababu intanetini kuna wauzaji wengi wa ujasiri.

Mwaka wa 2010, watafiti Marekani walidai kwamba ukisimama kwa mkao wa kibabe dakika mbili, homoni zako hubadilika na unakuwa jasiri. Dunia ikashangilia. Utafiti wa 2015 wenye watu wengi zaidi ulirudia zoezi hilo: watu walijihisi wana nguvu zaidi, lakini homoni hazikubadilika. Mwaka wa 2016, mmoja wa watafiti wa kwanza, Dana Carney, akatangaza kwamba haamini tena matokeo hayo. Kwa hivyo kupanua kifua mbele ya kioo peke yake hakutakupa kazi.

Kuhusu dansi, kuna utafiti wa 2003 uliofuatilia wazee 469 wa Bronx, New York, wenye zaidi ya miaka 75. Kati ya mazoezi yote ya mwili yaliyoangaliwa, dansi pekee ndiyo iliyohusishwa na hatari ndogo ya kupoteza kumbukumbu. Haithibitishi kwamba dansi ni dawa. Huenda wenye akili timamu ndio wanaoendelea kucheza. Lakini nikimkumbuka yule mzee anayehesabu hatua, anayesikiliza wimbo na kunikwepa nisimkanyage kwa wakati mmoja, sishangai.

Kilichonisaidia mimi ni kitu cha kawaida: kukosea mbele ya watu kila wiki, na kugundua kwamba paa la ukumbi halianguki.

Simu ya Jumapili

Jumapili moja nilisimama katikati ya chumba, mkao wa mlima. Nne ndani, sita nje. Nikapiga Nakuru.

"Mum, niliacha chuo."

Kimya. "Tangu lini?"

"Miaka miwili."

Akakata simu. Siku tisa hakupiga wala kupokea. Sikulala, na hakuna mkao wa maiti uliosaidia. Lakini niliendelea kwenda mkekani na ukumbini, maana sikuwa na kitu kingine cha kushika.

Siku ya kumi ujumbe ukaingia: "Umekula?"

Tuliongea karibu saa mbili. Alilia, akanigombeza kuhusu pesa, akauliza mbona sikumwambia mapema watafute suluhu pamoja. Sikuwa na jibu zuri. Kabla ya kukata akauliza, "Na hiyo dansi, inalipa?"

"Bado, mum."

"Basi uicheze ukiwa umeshiba."

Ukitaka kuanza

Tafuta darasa la bure au la bei ya chini mtaani kwako kwanza. Uliza kwenye kumbi za jamii na makanisa. Usinunue mkeka wala viatu mwezi wa kwanza. Kwa wolzi, viatu vyenye soli laini inayoteleza vinatosha; raba hung'ang'ania sakafu na kukuumiza goti. Kama una jeraha au ujauzito, mwambie mwalimu mapema. Akikugusa kwa namna isiyokupendeza, ondoka, na uwaambie wengine.

Na kama giza ulilonalo ni zito, huli, hulali, au unawaza kujidhuru, usisubiri mti wala wolzi. Zungumza na mtu leo, nenda hospitali. Mkeka utakungoja.

Deni langu la karo bado lipo. Nalilipa kidogo kidogo kwa kuandika, na sijaamua kama nitarudi darasani. Ila juzi nilikutana na mtu tuliyesoma naye, pale pale Moi Avenue. Akaniuliza niko wapi siku hizi. Nikamwambia ukweli, na sikuvuka barabara.