Kiwandani, "safi" si "tasa"

"Mwalimu, huyu msichana wangu hukaanga na vijidudu siku mzima. Kwani dawa si hutoka ikiwa safi?" Aliyeniuliza ni mama mmoja wa mtaa wa Ayany, Kibera. Bintiye alisomea mikrobiolojia na kila asubuhi huelekea Viwandani, kwenye kiwanda cha dawa. Mimi si mwanasayansi, lakini swali la mama lilikuwa la lugha kuliko alivyodhani.

Katika Kiswahili cha kila siku, kitu ni safi kikiwa hakina uchafu unaoonekana. Sakafu iliyopigwa deki ni safi. Sufuria iliyosuguliwa kwa majivu ni safi. Binti yule haruhusiwi kutosheka na macho. Dawa ya maji ya kikohozi inaweza kuwa na bakteria wachache wasio na madhara, maadamu hawavuki kiwango kilichowekwa, kwani tumbo lina kinga yake. Dawa ya sindano na maji ya dripu, la hasha. Sindano huiruka ngozi na tumbo ikafika damuni moja kwa moja, kwa hiyo hapaswi kubaki hata kijidudu kimoja kilicho hai.

Basi yeye hupima maji ya kiwanda. Huacha visahani vya agari wazi katika chumba cha kutilia dawa ili hewa iangushe ilichobeba, kisha huwataka wafanyakazi wabonyeze vidole vya glavu juu ya agari nyingine. Visahani hukaa katika kabati lenye joto la nyuzi 30 hadi 35, na kijidudu kilichotua huzaana hadi kikawa doa la kuonekana. (Agari hutokana na mwani, na jina lake limetoka Kimalei. Aliyependekeza itumiwe maabarani, mwaka 1881, ni Fanny Hesse, ambaye aliijua jikoni.) Dawa ya sindano yenyewe huchanganywa na chakula cha vijidudu ikaangaliwa kwa siku 14.

Kipimo hicho huharibu kila chupa inayopimwa, hivyo huchukuliwa chache tu, tuseme 20 kati ya maelfu. Sasa chukulia kwamba chupa 1 katika kila 100 ina vijidudu. Uwezekano wa kukuta walau moja mbovu kati ya hizo 20 ni takriban asilimia 18. Yaani mara nne kati ya tano maabara itasema dawa imepita! Usalama wa dawa hiyo basi hutengenezwa mapema zaidi, ndani ya mtungi wa mvuke wa nyuzi 121, na mikononi mwa wanaouendesha mtungi, wanaofua mavazi ya kazi na wanaopiga deki.

Mwaka 1972, katika hospitali ya Devonport mjini Plymouth, Uingereza, wagonjwa walitiwa maji ya dripu yenye bakteria, na vifo vitano vikahusishwa nayo. Uchunguzi ulionyesha kwamba hewa ilibaki chini ya mtungi wa mvuke, kwa hiyo chupa za chini hazikupata joto la kutosha. Kipimajoto kilionyesha hitilafu hiyo. Wahudumu wakadhani ni chenyewe kibovu.

Hapo ndipo lugha inapoingia. Mara nyingi maelekezo ya kiwandani huandikwa kwa Kiingereza, ilhali kibarua wa deki huambiwa kwa mdomo: "Hakikisha hapo ni safi." Anatazama, anaona pameng'aa, anaenda zake. Hakudanganya mtu. Alilitii neno alilopewa.

Tunahitaji maneno matatu yasiyoingiliana. Kusafisha ni kuondoa uchafu. Kutakasa ni kupunguza vijidudu, na hilo tulilizoea wakati wa korona, vitakasa mikono vilipowekwa mlangoni pa kila duka. La tatu, kuua vijidudu vyote pasibaki hata kimoja, napendekeza tuliite kutasisha, na kilichotasishwa kiwe tasa.

Najua watakaonuna. Neno "tasa" limewaumiza wanawake wengi wasiojaliwa watoto, na malalamiko hayo nayaheshimu. Hata hivyo, wanahesabu wamekwisha kulitoa huko: nchini Tanzania, mwanafunzi wa shule ya msingi hutaja "namba tasa" bila kumfikiria mwanamke yeyote. Maana ya msingi ni ile ile, kitu kisichozaa, na chupa ya dripu ndiyo hasa tunayotaka isizae chochote. Anayeudhika na atuletee neno jingine, ila asituletee "safi sana," maana hilo linaturudisha kwenye deki.

Bodi ya Famasia na Sumu, inayosimamia ubora wa dawa nchini, ingeweza kuanza na jambo dogo: kuwataka wenye viwanda wabandike maelekezo ya usafi kwa Kiswahili pia, kwenye mlango ule ule anapopita mwenye ndoo.