Kiroba cha Mwani na Kiuno cha Mama

Anayefika pwani ya Paje au Jambiani siku za bamvua, maji yakiwa yametoka, huwaona akina mama wameinama katika mashamba yao ya baharini, wakifunga mbegu za mwani kwenye kamba zilizonyooshwa baina ya vijiti. Kilimo hicho kilianza kibiashara katika pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Kimesomesha watoto. Lakini si wachache wanaorudi nyumbani wameshika kiuno, nasi tumezoea kuwaambia kuwa huo ni uzee unabisha hodi. Leo tungependa kulitazama jambo hili kwa elimu ya mwendo na kani, yaani nguvu za kuvuta na kusukuma, kwani uzee nao husingiziwa mengi.

Tuanze na ndoo. Mtu akiikumbatia ndoo ya maji kifuani huweza kusimama nayo kwa muda. Akiinyoosha mbele kwa mikono miwili, punde mikono hutetemeka, ilhali maji hayakuongezeka. Kilichoongezeka ni umbali. Uti wa mgongo ni kama egemeo la mizani: mbele yake uko mzigo, na nyuma yake iko misuli inayovuta ili tusianguke kifudifudi. Misuli hiyo imekaa karibu mno na uti, takriban sentimita 5 tu. Basi mama anapoinama kuinua kiroba cha kilo 20 kilicho sentimita 50 mbele ya uti wake, umbali wa mzigo ni mara 10 ya umbali wa misuli, na misuli hulazimika kuvuta kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 200. Visahani laini vilivyo baina ya pingili za kiuno ndivyo vinavyobanwa. Kiroba hicho hicho kikisogezwa hadi sentimita 25, hesabu hushuka hadi kilo 100. Na hapo hatujakitia kiwiliwili chenyewe, ambacho nacho ni mzigo kila kinapoinamishwa. Ndiyo maana hata anayefunga mbegu kwa saa nyingi, bila ya kuinua kitu, hutoka baharini na maumivu.

Elimu hii ina asili ya zamani. Mwaka 1121 mwanachuoni al-Khazini wa mji wa Marw aliandika Kitabu cha Mizani ya Hikma, akaeleza kwa kina habari za mizani na vitovu vya uzito. Mtaliana Giovanni Borelli, ambaye kitabu chake juu ya mwendo wa viumbe kilianza kutoka mwaka 1680, ndiye aliyeonesha kwa hesabu kuwa misuli huvuta kwa nguvu kubwa kuliko mzigo wenyewe, kwa sababu imefungwa karibu na viungo.

Wazee wetu waliijua dawa kabla ya kuisoma hesabu. Mzigo uliowekwa kichwani juu ya kata husimama sawasawa juu ya uti, na ule umbali wa mbele unakaribia kutoweka. Watafiti waliowapima wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu nchini Kenya walitangaza mwaka 1986 kwamba wanawake hao hubeba hadi moja ya tano ya uzito wa miili yao bila ya kutumia pumzi zaidi ya anayetembea mikono mitupu. Hata hivyo tusivuke mpaka: uchunguzi wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2010 haukuikuta faida hiyo kwa kila mwanamke, na shingo nayo ina kikomo chake.

Hata katika sala mizani hii ipo. Anayerukuu huweka viganja juu ya magoti, na mikono hupokea sehemu ya uzito wa kiwiliwili ambao ungelibebwa na misuli ya kiuno peke yake. Hatusemi kuwa sala ni mazoezi ya viungo, maana hayo ni mambo mawili mbalimbali. Tunasema tu kwamba mkulima wa mwani anayeegemeza mkono mmoja juu ya goti huku akifunga kwa mwengine anaupunguzia mgongo wake mzigo kwa njia ile ile.

Mahamali wa Darajani nao, na bibi zetu wanaoishi ghorofani Mji Mkongwe, wamo katika hesabu hii. Kwenye ngazi, goti hubeba zaidi ya mara tatu ya uzito wa mwili kwa kila hatua, na kushuka huliumiza zaidi kuliko kupanda.

Turudi Paje. Vijana wengi hungojea ufukweni na baiskeli, mama akishavuka mchanga na kiroba mgongoni. Huko ni kungojea mahali pasipo na kazi. Kiroba kimoja kikigawanywa viwili na kuchukuliwa kwa mzega, uzito wa kulia hukabiliana na wa kushoto, na uti hubaki wima. Wanaokwenda wawili wanaweza kupitisha mti katikati. Bora kuliko yote ni kuwahi kabla maji hayajapwa kabisa, kwa sababu ndani ya maji bahari yenyewe hubeba sehemu kubwa ya uzito wa mwani, na kiroba kisichoinulika mchangani huvutwa kwa kamba na mtoto wa miaka kumi hadi karibu na ufukwe.