Mbaruti na Haradali: Chunguza Kabla ya Kununua

Mbaruti ni gugu lenye asili ya Meksiko, nalo hustawi hata katika ardhi kavu. Huota kandokando ya barabara na katika mashamba yaliyoachwa bila kulimwa. Majani yake yana miiba na mistari myeupe. Maua na utomvu wake ni wa manjano.

Hatari kwa mlaji imo katika mbegu. Ni ndogo, nyeusi na za mviringo, hivyo hufanana mno na mbegu za haradali zitumikazo katika achari na kukamulia mafuta. Zikichanganyika, kwa bahati mbaya au kwa makusudi, mafuta hubeba sumu iitwayo sanguinarini. Mwaka 1998, mjini Delhi, India, mafuta ya haradali yaliyochanganyika hivyo yaliua zaidi ya watu 60.

Mnunuzi wa Arusha, sokoni au dukani, azingatie haya:

1. Tandaza mbegu kwenye karatasi nyeupe. Ya haradali ni laini. Ya mbaruti ina uso wenye vishimo. Ukiwa na shaka, usinunue.

2. Chagua mafuta yaliyofungashwa, yenye jina la mzalishaji, tarehe ya kuisha muda na alama ya ubora ya TBS. Epuka ya kupimwa ambayo chanzo chake hakijulikani.

3. Ukiona miguu inavimba, kuhara, kutapika au kupumua kwa shida, acha mafuta hayo mara moja, nenda kituo cha afya, na uhifadhi yaliyobaki kwa uchunguzi.